Rangi Isiyochujuka

Pekalongan, nyuma ya jiko letu,
mto ulikuwa na ratiba.
Jumatatu zambarau: oda ya sare za benki.
Jumatano wekundu, harusi ya mtu wa Semarang
ambaye hatutamjua.
Ijumaa kahawia, kama chai iliyosahauliwa,
na povu likipanda ngazi
ambazo bibi alifulia.

Mama yangu, Tumirah, aliuza batiki kwa sentensi moja:
"Fua, anika, fua tena. Haichujuki."
Na kweli haikuchujuka.
Si kwenye kitambaa, si kwenye kucha zake,
si kwenye kisima cha Pak Darmaji
alichokifunika kwa bati mwaka ule
mjukuu wake alipooga akatoka na vipele.

Kuchujuka, kuchujika:
ndugu wawili wasiosalimiana.
Mama aliapa kwa la kwanza.
Mimi nikaenda chuo kikuu kutafuta la pili.

Nilirudi na koti jeupe lenye doa
na ndoo tupu. Nikaijaza majani ya mpera,
mpera wetu wenyewe, ule uliouinamia ukuta wa choo,
ambao popo huumaliza kabla yetu.
Nikayachemsha.
Mama akacheka hadi akashika mbavu:
"Miaka minne ya ada, Wening,
umejifunza dawa ya kuhara?"

Nikachuja kwa kipande cha kanga-nguo chake chakavu,
nikatia, tone kwa tone, maji ya chumvi ya chuma.
Supu ile ya manjano ikawa nyeusi ghafla,
kama uso wa mtu aliyekumbuka deni.

"Humo mna chembe," nikamwambia.
"Pasua unywele wako vipande elfu,
kimoja ndicho upana wa chembe."
"Nani atapasua," akasema, "na mvi zote hizi?"

Nikachota mto wa siku hiyo. Buluu.
Buluu yake mwenyewe, aliyoichovya mara sita
tangu alfajiri, akihesabu kwa midomo.
Nikamimina weusi ndani ya buluu.
Tukangoja.
Redio ya jirani ilitangaza bei ya vitunguu.
Dakika ya kumi, maji yakawa moshi.
Dakika ya ishirini nikaona kidole changu
upande wa pili wa chupa,
na chini, sumaku ikikokota tope jeusi
kama mchunga mbuzi asiye na haraka.

Nilitarajia apige makofi.
Aliiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha,
akaitazama kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.
"Imekwenda wapi?"
"Imevunjwa, mama. Nyingine imenaswa kwenye tope."
"Mara sita niliichovya," akasema.
Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma.

Kisha akaligonga tope kwa ukucha wa buluu:
"Na hili utalitupa wapi?"
Daktari Retnaningsih hakuniuliza hilo
siku ya kutetea tasnifu.
Nikasema tunalikausha, tunalitumia tena,
mara tatu, mara nne.
"Na ya tano?"

Nje mto ulipita, mpana, haujali,
nami nimeshika nusu lita.

Asubuhi nilimkuta juu ya kigoda, chini ya mpera,
akichuma majani makavu-makavu ya chini,
machipukizi akiyaacha.
Alikuwa amekwisha kung'oa bomba lake la maji machafu,
lile lililotazama mtoni tangu sijazaliwa,
akaligeuzia kwenye pipa.
"Anza na bomba langu," akasema.
"Mto utausubiri. Mto umezoea."

Kwenye kamba, kitambaa kipya kilikuwa kikidondoka.
Akasogeza beseni kwa mguu,
bila kutazama,
na tone likagonga bati.