Kala Chumvi Nyingi

Jumanne ni kliniki ya presha.
Saa moja kasorobo benchi limejaa,
kila mtu na daftari lake ndani ya nailoni.
Langu limeandikwa: Chausiku Pazi,
miaka sitini na mitatu, kazi: mkulima.

Mkulima! Nikamwambia nesi Veneranda, futa hapo.
Mimi nalima maji ya bahari.
Nayafungia kwenye majaruba kule Nunge,
jua likishayanywa nakwangua kilichobaki,
mwaka wa thelathini na moja huu,
visigino vimepasuka
na kila ufa unajua chumvi inavyouma.

Akacheka, hakufuta.
Akanizungushia mkanda mkononi.
Ukajaa, ukabana, ukapumua,
naye akaacha kucheka.
Mia na themanini na mbili. Chini yake, mia na nne.
"Bibi, punguza chumvi."

Benchi zima likaangua kicheko.
Mzee Mwinshehe akapiga paja:
"Kamwambie na samaki apunguze maji!"

Mimi nilikuwa mbali.
Nawaza tunavyomsifu mtu mzima hapa Bagamoyo:
msimdharau huyo, kala chumvi nyingi.
Ya bibi yangu haikuwa na hesabu.
Na mimi nilishaanza kujivunia yangu,
leo binti wa miaka ishirini na sita, wa Rombo huko,
ananiambia heshima hiyo ndiyo inayonitanua mishipa.

Tena kuna bwana afya na kichupa chake.
Huchota chembe mbili tatu, hudondosha tone,
sote tunasimama kimya.
Ikigeuka zambarau, madini joto yamo:
gunia linashonwa, linapanda lori,
linakwenda milimani kuwakinga watoto na rovu.
Zambarau ile huiangalia
kama mkunga asikiavyo kilio cha kwanza.

Nikamuuliza nesi: sasa mwenye kosa nani, chumvi au mkono?
"Mkono, bibi. Kijiko cha chai. Kwa siku nzima. Kisijae."
Kijiko! Mimi ninayepimiwa kwa tani,
na hapo sitii chumvi.

Basi. Ng'onda iliyoning'inia jikoni nikampa jirani,
usiku sikulala, alfajiri nikamfuata kumwambia naye akapime.
Mchuzi nikaukamulia ndimu,
nikautwangia tangawizi na pilipili mbuzi.
Wiki ya kwanza nilikula kama mfiwa.
Ya tatu, nikaisikia nazi.
Nazi yenyewe, utamu wake wa chinichini
niliokuwa nimeufukia tangu usichana.
Nikabaki na tonge mkononi, na hasira kidogo.

Kidonge ni kimoja, baada ya Isha.
Mara mbili nimekisahau.
Mara moja sikukisahau, nilikikataa:
kichwa hakiumi, nikasema nimepona.
Veneranda alisoma kipimo, akaniangalia,
hakuuliza kitu. Aliandika kwa kalamu nyekundu.

Leo ni mia na arobaini na sita kwa tisini.
"Bado," kasema. "Lakini unashuka."
Nikageuka nimtambie Mwinshehe,
nafasi yake kakaa mtu mwingine.
Yuko wodini tangu Ijumaa, mdomo umekwenda upande.

Nimempelekea uji. Mwanawe kaushika mkono wake,
yeye kaonja,
akanitazama kwa jicho lile lililo zima,
na mzaha wote ulikuwa humo, umekosa mlango.
Nikamfuta kidevu. Nikamwambia, najua, najua.
Hauna chumvi.

Keshokutwa bamvua.
Nitafungua lango, maji yaingie majarubani,
yatulie, yagande meupe hadi macho yaume.
Magunia ni ya watu.
Changu kijiko.