Hati ya Kiapo ya Mpiga Taipu

Mimi, Ngowa Mwambire, mkazi wa Maweni, Malindi,
naapa na kusema kama ifuatavyo:

Kwamba ni mtu mzima mwenye akili timamu,
ingawa leo nimevaa koti la arusi yangu
na vifungo viwili vimekataa katakata.

Kwamba miaka thelathini na mmoja nimekaa na taipureta
kwenye ukumbi wa duka, mkabala na ofisi ya ardhi,
nikiwaandikia watu yaliyowakwama kooni.
Herufi r ya mashine yangu ilivunjika mguu zamani:
"haki" ilitoka nzima,
"ardhi" ikatoka na pengo.

Kwamba bei ilikuwa shilingi hamsini ukurasa,
au kuku, au embe ngowe, au "nitakuona kesho."
Hizo kesho zimejaa nyumbani. Sidai.

Kwamba kurasa hizo ndizo zilizomsomesha binti yangu Nyevu,
na juma lililopita, alipoitwa jina lake,
kofia ya pembe nne ikimteleza juu ya misuko mipya,
nilipiga kelele hadi mtu wa mbele akageuka.
Nikapiga tena. Akageuka tena.

Kwamba leo joho limezunguka uwanja mzima:
limevaliwa na watoto, na Hawe Kadzo asiye na meno,
na mpishi wa pilau, likarudi lina harufu ya bizari.
Shemeji yangu Karisa alisimama na soda mkononi akasema,
"Kampuni ya chumvi inatafuta wakili. Gari wanatoa wao."
Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mawili.

Kwamba Mbodze wa Kanagoni hakungoja sahani.
Alimpa Nyevu mfuko wa unga uliojaa karatasi, akamwambia,
"Nimekuwekea tangu ulipokuwa kidato cha pili."

Hapo ndipo mate yaliponikauka.

Kwamba

(aya hii nimeianza mara nne)

kwamba mwaka Nyevu alipoanza shule
nilimwandikia Thoya wa Kitsao hati ya shamba lake.
Alinitajia 581.
Vidole vyangu viligonga 518.
Nilisoma, sikuona. Akatia dole gumba,
akanilipa kamili, akanishukuru kwa mikono miwili.
Mahakamani wakamwambia shamba analolidai si lake,
na kweli, 518 halikuwa lake.
Nakala ya kaboni niliiona baada ya rufaa.
Nikaikunja, nikaificha chini ya mashine,
nikaendelea kuandika. Sare ya shule ilikuwa haijalipwa.

Kwamba nimempa nakala hiyo nyuma ya nyumba,
penye masufuria machafu, naye ameisoma amesimama,
mwanangu, kwa macho nisiyoyajua,
macho ya mtu asiyemjua aliyeandika.
Hakuniita baba. Alisema, "Yu hai?"
Nikasema yu hai, yuko Marereni, analinda usiku,
kwa rungu na tochi, mabwawa ya chumvi
yaliyokuwa mikorosho yake.

"Kesho alfajiri tunakwenda," akasema. "Wote wawili.
Na haya utayaapa mbele ya kamishna,
si mbele ya masufuria."
Kisha akarudi kwa wageni, akavua joho,
akaketi mkekani kando ya Mbodze,
akaanza kuzipanga karatasi kwa tarehe.
Karisa alimwita mara mbili aje apigwe picha.

Kwamba yote niliyoyasema ni kweli
kwa kadiri ninavyojua na kuamini,
na nimeyaandika kwa mashine ile ile, usiku huu,
nikiitazama kila tarakimu kama mtu anayehesabu wanawe,
na kila palipotoka pengo katika "ardhi"
nimelijaza kwa kalamu.

Kimeapwa hapa Malindi, tarehe ..........

Saini ya mwapaji ..........