Nusu Toni

Mimi ndiye niliyempigia kinanda.
Jina langu halikuwa kwenye mabango;
lilikuwa nyuma ya jalada la santuri, chini kabisa,
jirani na anwani ya mchapaji.
Sidai kitu. Nasema tu ujue nilikaa wapi:
hatua mbili nyuma ya bega lake la kushoto.

Ilmo Raitala, miaka kumi na mitatu,
mtoto wa mpasua mbao wa Ylivieska,
masikio kama vishikio vya kikombe,
na sauti, nikuambieje,
sauti iliyopanda bila ngazi.
Wanawake waliacha kahawa yao ipoe,
na Mfini kuacha kahawa ipoe si jambo dogo.

Kiangazi kile jua lilikataa kuzama.
Tulizunguka kwa basi dogo la kijani,
kumbi za mbao kando ya maziwa,
mbu wakitufuata kama wadeni wetu.
Saa sita za usiku, mwanga tele,
wasichana wangali wakingoja mlangoni na kalamu za wino:
"Andika hapa. Hapa, juu ya mshipa."
Akaandika, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la pili.
Kisha akalala kiti cha nyuma,
amekumbatia mfuko wa pipi nyeusi za chumvi.

Bwana Pukkila alihesabu fedha kwa kulowesha kidole.
Alishonesha suti sita nyeupe, kipimo kimoja.
"Huyu hatakua," alisema,
wala hakucheka. Ilikuwa amri.

Barua zikafika kwao kwa magunia.
Baba yake akazipanga kwenye banda la kuni,
si kwa dharau:
hapakuwa na mahali pengine pakavu.

Halafu ikaja Machi. Nilisikia mimi kabla yake.
Neno "nyumbani", lile la juu, lilikuwa na mchanga.
Sikusema. Nilishusha wimbo nusu toni.
Aprili, nusu toni nyingine.
Aligeuka mara moja akanitazama,
alijua,
akawarudia watu na tabasamu lake.
Ndivyo tulivyoshuka, sisi wawili,
kama watu wanaoteremsha piano usiku
katika ngazi za nyumba ya kupanga,
wakiomba jirani asiamke;
na mikono ya suti ikimpanda, viwiko vikichungulia.

Seinäjoki, sikukuu ya katikati ya kiangazi, watu elfu nne.
Nilishusha mpaka kinanda kikawa kinaongea na sakafu.
Lakini koo la mvulana si lifti, halibonyezwi.
Kwenye "nyumbani" sauti ikapasuka,
huku mtoto, huku mtu mzima, katikati shimo,
na ndani ya shimo nikasikia mtu akifungua soda.
Kisha kicheko. Kimoja. Cha msichana.
Hakikuwa na ubaya wowote.
Afadhali kingekuwa nao.

Kabla majani hayajaanguka
Pukkila alikwisha pata mtoto mwingine, wa Oulu.
Suti tano zilimkaa vizuri.
Ya sita haikurudishwa.

Miaka arobaini. Kokkola, ukumbi wa hoki.
Anaendesha ile mashine ya kulainisha barafu.
Ana ndevu, ana tumbo, binti yake ni golikipa.
Kipindi kikiisha anatoka, anazunguka polepole,
na mikwaruzo yote ya viatu vya chuma
inafutika nyuma yake, maji juu ya jeraha.
Watu wanampigia makofi kwa utani.
Anainua kofia.

Nilimngoja penye lango la mashine.
"Ulikuwa unashusha," alisema, hata salamu hakuna.
"Nilikuwa nashusha."
"Ungeniambia."

Nikafungua mdomo. King'ora kikalia.
Akapanda kitini, akaingia barafuni,
na chini ya ngurumo ya injini, chini sana,
nikamsikia anavumisha kitu.
Mkono wangu ulikuwa mfukoni.
Vidole vikaanza vyenyewe
kuutafuta ufunguo.