Tofauti ya Laki Tisa

Kijana wa duka la tiketi, karibu na mnara wa saa,
aliigeuza kompyuta yake nione mwenyewe:
kutoka KIA, milioni tatu na laki sita.
Kutoka Nairobi, shirika lilelile, usiku uleule,
milioni mbili na laki saba.
"Mzee, usiniulize kwa nini. Mimi nauza tu."

Nilikuwa karani wa mahesabu ya kahawa miaka ishirini na sita.
Namba nazijua tabia: hupenda kuulizwa mara mbili.
Basi nikauliza.
Toa nauli ya basi. Toa chanjo ya homa ya manjano.
Toa mchele wa shangazi yake kule Rongai,
maana hulali kwa watu mikono mitupu.
Toa teksi. Toa chapati na soda ya Namanga.
Ikabaki laki sita na themanini na tano:
koti la baridi, buti,
na chenji ya kuanzia maisha Uswidi.

"Rahisi huvunja upishi," mama akasema,
akichambua maharage, hamtazami mtu.
Hakuwa akibishana na hesabu.
Yeye alishapanga zamani: siku hiyo
tungepanda sote pikapu ya Kiwelu hadi KIA,
angevaa gauni la Pasaka,
angesimama penye uzio mpaka ndege iwe nukta.
Nairobi hawezi. Hana pasi,
na magoti yake hayafiki hata Longido.

Kwa hiyo Ndekirwa aliagwa stendi, alfajiri,
kati ya wauza maji na injini zinazokohoa,
harakaharaka, kama anayekwenda Boma kununua vitunguu.
Mama alimtemea baraka kiganjani.
Dereva akapiga honi kabla hajamaliza.

Namanga. Muhuri wa kutoka, muhuri wa kuingia,
kisha laini yake ikafa
na sisi tukabaki kumkisia:
sasa yuko Kajiado, sasa anakula,
sasa anaoga kwa shangazi, maji yamekatika.

Kesho yake, saa tatu usiku, simu ikatikisika mezani.
"Baba, usicheke. Laini yangu imefufuka. Tuko KIA."

Nikavaa miwani.

"Ndege imetua kuchukua abiria. Haturuhusiwi kushuka.
Dakika hamsini. Jirani yangu ni baba mmoja wa Machame,
kapandia hapahapa. Ameshaanza kukoroma."

Laki tisa zaidi, nikawaza, na anakoroma.

Siku mbili nzima mwanangu alikuwa safarini,
amevuka mpaka, amelala ugenini,
ili afike mahali ambapo pikapu ya Kiwelu
hufika kwa saa moja, na pancha juu.

Mama sikumweleza yote. Nilisema tu:
"Yuko KIA. Anaondoka sasa hivi."
Hakuuliza kafikaje. Alikwenda kubadili gauni.

Pasua yote ilikuwa giza, umeme umekatika,
na kwa mara ya kwanza sikuwatukana Tanesco.
Alisimama uani, kando ya banda la kuku,
simu yangu mkononi, tochi imewashwa, ameielekeza magharibi.
Kuku wakalalamika.
Saa nne kasorobo taa nyekundu ikainuka upande wa Boma,
ikaja, ikaja, ikakata kushoto kuelekea kaskazini.
Alipunga mpaka ikawa nukta,
akapunga na baada ya nukta.

Ujumbe wa Jumanne ulitoka huko kwenye theluji:
"Nimefika. Nilikaa kiti cha katikati, Baba, sikuona hata nyota."
Hilo nimeliweka mfukoni mwangu.

Mama ameshalikunja gauni, amelirudisha sandukuni.
Akaniuliza kama anayeuliza bei ya sukari:
"Na akirudi, hiyo ndege itapita tena hapa?"
Nikamwambia sijui.
"Basi kaulize," akasema.
"Si wewe ndiye mwenye hesabu?"