Mkasi wa Nsimire

Murhula ameleta suruali ya kupunguza
na daftari lililokunjika masikio.
Usiku anasoma Kiingereza kule Nyawera,
anaitaka kazi ya shirika, ile ya gari jeupe na kadi shingoni.
Leo amefura.
"Mama Nsimire, hawa watu! Kitenzi kimoja,
wanakipachika kineno mkiani, kidogo kama sambaza,
na maana inahama nyumba usiku bila kuaga."

Nimecheka hadi pini zikanitoka mdomoni.
Simama wima, nikupime.
Mimi kitenzi changu ni kimoja,
kimenilisha miaka ishirini na mitatu hapa Kadutu:
nakata.

Kitenge nakata, hilo hata mtoto analiona.
Lakini alfajiri nilikata kiu kwa chai isiyo na sukari,
nikakata kona kwenye matope ya juzi,
na saa nne wakakata umeme.
Ruzizi bado inanguruma bondeni, waya umenyamaza,
nami nimeirudia cherehani ya mguu, haidai kitu ila goti.
Mheshimiwa fulani alikata utepe wa daraja.
Utepe niliushona mimi.
Daraja halijafika ng'ambo.

Mama yangu alikata kauli siku ya Alhamisi,
akakata roho Jumamosi.
Katikati ya hayo mawili
alikishika kidole hiki, hiki chenye sugu ya mkasi,
akakibana.
Wapo wanaosema "nimekata kauli" wakiwa na maana wameamua.
Sikumuuliza. Angejibu kwa kitu gani?

Geuka, nipime na mguu wa pili.

Baba watoto alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu.
Alipiga simu Jumapili jioni, mvua ikipiga bati.
Akasema, "Nsimire, huku mimi..."
kisha kimya.
Wifi zangu wanasema: alikata.
Mimi nasema: ilikatika.
Silabi moja, Murhula! Wewe unalia na vineno vya mkiani,
sisi chetu tumekiingiza tumboni mwa neno,
na ndani ya silabi hiyo moja
ndoa yangu imelala miaka sita.
Aliyekata ana mkono.
Iliyokatika haina mkono wa mtu, ina mlima, ina mvua, ina betri mbovu.
Tena neno lenyewe, ukilivua kiambishi,
linabaki *katika*.
Ndani. Yumo bado, au nimo mimi,
sijui, lakini kuna mtu ndani.

Wakaniambia nikate tamaa.
Watu wazima, wamekaa kwenye benchi hilo hilo,
wanakunywa soda yangu.
Siku moja nilijaribu kweli. Niliilaza mezani,
nikachukua chaki, nikainua mkasi mkubwa,
nikatafuta pa kuanzia.
Haikuwa na ukingo.

Murhula amenyamaza, mikono bado ameipanua
kama mtu anayepekuliwa na askari.
Namuuliza: haya, kwenye daftari lako,
wao tamaa wanaikataje?
Analifungua, analamba kidole, anatafuta.
"Hawaikati," anasema. "Wanaitoa.
Wanasema: toa, halafu: juu."
Juu wapi?
"Haisemwi."
Wanampa nani?
"Haisemwi, Mama."

Tumetazama juu wote wawili, kama wajinga.
Bati, na tundu la msumari, na mwanga mwembamba kama uzi.

Basi. Suruali nimeipunguza sentimita nne.
Kitambaa kilichozidi sikukikata, nimekikunjia ndani, pindo pana.
Ana miaka kumi na tisa, bado anarefuka.
Pesa atalipa wakimwajiri.
Nimemwambia: ukifika huko juu, uliza.