Sentimita Sabini

Ndugu Mwenyekiti, vipeperushi nimevisoma vyote viwili,
hata maandishi madogo ya chini, yale ya dhamana.
Mashine ya kwanza ina Tesla tatu.
Ya pili moja na nusu,
na mhasibu ameshaniuliza mara mbili
kwa nini tubebe nusu mkate na dukani kuna mzima.

Kwa ubongo, kwa goti, ningekubaliana naye.
Lakini tumbo halitulii.
Lina utumbo unaotembeza ugali wa jana,
lina kiwambo kinachopanda na kushuka,
na likijaa maji, sumaku kali hulitia kivuli:
picha inang'aa pembeni, katikati giza,
kama sufuria iliyoungulia,
pale pale ninapolitafuta ini.

Jumanne alikuja Mama Nyemo Chilongani wa Mpwayungu.
Bangili tatu za shaba, hazijatoka tangu aolewe.
Tulizivua kwa mafuta ya alizeti na subira,
akazitazama kwenye trei kama mtu anayesindikiza mgeni.
Tumbo lake lilimtangulia mlangoni.
Mashine yetu kuukuu, tundu sentimita sitini,
ilimpokea hadi mbavuni, ikagoma.
Tukamgeuza, tukasukuma kidogo, akaingia.
"Vuta pumzi. Toa. Zuia."
Mashine ilidai sekunde kumi na nane.
Alinipa saba.
Kisha akaniomba radhi.
Mimi!

Hizo saba ndizo nilizokuja nazo leo.
Ya Tesla tatu, tundu lake ni sitini vilevile.
Ya moja na nusu, sabini,
na inajua kumsubiri mtu apumue
ndipo ichukue chake.
Nimeazima futi ya cherehani kwa dada yangu;
izungushieni viunoni kabla hamjanyoosha mikono.

Najua, tatu inapendeza kwenye hotuba.
Najua pia umeme wetu,
na vumbi la Agosti linaloingia hadi kwenye sukari,
na kwamba heliamu haipimwi kwa kopo
pale sokoni Majengo.

Bangili ziko kwenye droo yangu, ndani ya bahasha.
Alisema zikae, atazivaa akishapigwa picha inayosomeka.
Kila nikivuta droo kutafuta kalamu,
zinagongana.

Naomba kuwasilisha.