Gunia la Makumbi

Tononoka, Mei Mosi.
Vijana wa jukwaa wamejaza gunia makumbi,
wakalishona mdomo kwa uzi wa katani:
jepesi, hata mwanangu angelibeba.
"Mzee Mwinyikombo, igiza tu.
Watu waone ukuli ulivyokuwa."

Baba akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni.
Akachuchumaa.
Goti la kushoto likaalika ndani ya kipaza sauti
na watu wakacheka.
Kisha hawakucheka.

Kwani mgongo haukuambiwa kuwa ni makumbi.
Ulipinda palepale ulipozoea,
shingo ikazama mabegani,
unyayo ukapapasa ubao wa kupandia meli,
pasipo ubao, pasipo meli,
na sisi wote tukaona maji chini yake.

Makofi. Wenzangu wa cherehani, uzi bado nyweleni,
wakapiga vigelegele. Seremala wa Kisauni
akaigonga meza aliyokuja kuionyesha.

Baba hakutua.
Jasho la kweli lilimchuruzika hadi kidevuni.
"Karani yuko wapi?"
Nikadhani anatania.
"Nauliza, karani yuko wapi?
Mzigo usiohesabiwa haukubebwa."

Muuza viazi karai akainua mwiko, mafuta yakachemka peke yake.
Wa vipaza sauti akaangalia karatasi zake,
hapakuwa na neno karani.

Ndipo mtoto, mabegani mwa mtu nisiyemjua:
"Moja!"
Na uwanja mzima: Moja!

Akatua polepole, akalipangusa vumbi.
Akanigeukia, bado kainama:
"Yamesalia mangapi?"